Gofu Bila Kadi ya Uanachama

Kwenye menyu ya Topgolf, kampuni ya Marekani yenye vituo vya gofu na chakula, kuna kitafunwa ambacho kimejipatia umaarufu wake chenyewe. Ni maandazi madogo ya mviringo, makubwa kidogo kuliko kaimati, yaliyoviringishwa kwenye sukari na mdalasini, na huletwa mezani pamoja na mabomba ya sindano yaliyojaa chokoleti, jemu na krimu. Mlaji anachoma, anasukuma, anatia mdomoni. Hatua chache mbele yake mwenzake amesimama na fimbo, anajaribu kuurusha mpira mdogo mweupe hadi kwenye shimo pana linalowaka taa kule uwanjani. Akikosa, meza nzima inacheka. Akipata, inapiga kelele. Kisha anarudi kwenye kochi na zamu inakwenda kwa mwingine.

Mwanachama wa klabu aliyefundishwa tangu siku ya kwanza kunyamaza mwenzake anapopiga angesema huko ni kuuvunjia mchezo heshima. Lakini hesabu hazimuungi mkono. National Golf Foundation, taasisi ya Marekani inayofuatilia idadi ya wachezaji kila mwaka, ilisema kwamba mwaka 2023 Wamarekani milioni 32.9 walipiga mpira wa gofu nje ya uwanja rasmi, yaani kwenye vituo vya aina hii, viwanja vya mazoezi na vyumba vya skrini. Waliocheza uwanjani walikuwa milioni 26.6. Na katika lile kundi la kwanza, watu milioni 18.4 hawakukanyaga uwanja hata mara moja mwaka ule.

Habari hizo zingefaa kusomwa kwa sauti katika vikao vya kamati za klabu za Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Klabu hizo zina ardhi, zina nyasi, zina jiko, na zimezungukwa na watu wenye hamu ya kutoka jioni. Zinachokosa ni uthubutu wa kumfungulia geti, usiku wa Alhamisi, mtu asiye na handikapu, mwenye watoto wawili na njaa.

Topgolf haikuzaliwa Marekani. Pacha wawili wa Uingereza, Steve na Dave Jolliffe, walichoshwa na uwanja wa mazoezi wa kawaida, ule ambao mtu hununua ndoo ya mipira akaipiga mmoja baada ya mwingine hadi ndoo iishe, bila kujua kwa hakika kila mpira umeangukia wapi na bila mtu wa kushindana naye. Wakatia chipu ndani ya mpira. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Watford, kaskazini mwa London, mwaka 2000. Marekani ikapata chake mwaka 2005, huko Alexandria, Virginia, na ni katika nchi hiyo ambako jiko lilipanuliwa, skrini zikaongezwa na muziki ukapandishwa sauti.

Mwaka huohuo wa 2000, Korea Kusini, Kim Young-chan, aliyekuwa amefanya kazi Samsung, alianzisha kampuni ya Golfzon. Tatizo la Wakorea lilikuwa ardhi haba na viwanja ghali. Leo vyumba vya gofu ya skrini vimejaa mitaani kwao, mara nyingi ghorofani juu ya maduka, na wafanyakazi wakitoka ofisini huingia humo wakapiga mpira dhidi ya picha ya uwanja maarufu ukutani, huku kuku wa kukaanga akiwangoja mezani. Wajapani walikuwa wametangulia kwa miaka mingi na viwanja vyao vya mazoezi vya ghorofa mbili tatu, vilivyozungushiwa wavu mrefu katikati ya Tokyo. Popote gofu ilipokuwa ghali na mbali, watu wameivuta ikaja karibu na wanapoishi na wanapokula.

Namna kituo kinavyofanya kazi ni rahisi kuielewa. Jengo lina vibaraza vilivyopangwa kwa safu, aghalabu ghorofa mbili au tatu, vyote vikitazama uwanja mmoja wa nyasi bandia wenye urefu wa takriban mita 200. Uwanjani kuna mashimo mapana ya shabaha, ya karibu na ya mbali. Mpira ukitua, mtambo unausoma ni wa nani, na alama zinatokea kwenye skrini ya kibaraza husika: ukikaribia katikati ya shabaha unapata nyingi, na shabaha ya mbali ina thamani kuliko ya karibu. Siku hizi kamera pia husaidia kuufuata mpira angani. Fimbo zipo hapohapo, hakuna wa kuzikodi. Viatu ni vyovyote ulivyokuja navyo.

Bei ndipo penye ujanja. Kinachokodiwa ni kibaraza, kwa saa, na kibaraza kimoja huchukua hadi watu sita. Asubuhi ya siku ya kazi ni nafuu, usiku wa Ijumaa ni ghali, na kwa miaka mingi Jumanne imekuwa nusu bei katika vituo vingi. Mteja akishalipia saa yake, saa inakimbia hata kama hakuna anayepiga, na kundi la watu sita halikosi mmoja aliyechoka, mmoja mwenye kiu na mmoja anayetaka kuagiza tena. Kwa hiyo mchezo unawaweka watu mahali pamoja, na chakula ndicho kinachowafanya waongeze saa ya pili. Kampuni yenyewe imekuwa ikisema kwamba karibu nusu ya wageni wake hawajihesabu kuwa wachezaji wa gofu.

Kwa nini mtu asiyejihesabu mchezaji akubali kushika fimbo mbele za watu? Hapa ndipo klabu za kawaida hukwama. Gofu ni mchezo mgumu kuuanza. Mpira umetulia, haukimbii, hakuna anayekukaba, na bado mgeni anaweza kuzungusha fimbo mara tatu asiuguse. Uwanjani, makosa hayo yana mashahidi wenye haraka: kundi la nyuma limesimama, limekunja mikono, linasubiri. Kila pigo bovu ni deni. Mashimo 18 huchukua saa nne na zaidi, na kutembea kilomita kadhaa, hivyo deni hilo hulipwa polepole sana. Kwenye kibaraza anayekosa anachelewesha sambusa tu. Shabaha ya karibu kabisa haihitaji nguvu, na mpira uliobiringika kwa bahati ukaangukia shimoni unahesabiwa sawa na ule uliopigwa kwa ustadi. Mtoto wa miaka minane anaweza kumshinda baba yake, na bibi yake akawashinda wote wawili.

Kisha kuna mavazi, na barua, na watu wa kukudhamini. Klabu nyingi za binafsi humtaka anayeomba uanachama apendekezwe na mwanachama, aungwe mkono na mwingine, alipe kiingilio kikubwa, halafu asubiri. Atakuja na shati la kola, jinzi ataiacha nyumbani. Taratibu hizo zina historia. Klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews, Uskoti, ilianzishwa mwaka 1754, na ilipiga kura ya kuwakubali wanawake kuwa wanachama Septemba 2014, miaka 260 baadaye. Augusta National ya Marekani, inayoandaa mashindano ya Masters, ilikuwa imewakubali wawili wa kwanza miaka miwili kabla ya hapo, mmoja wao Condoleezza Rice, aliyekuwa tayari amewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake.

Kwetu mchezo uliingia na wakoloni, ukajengewa ua kulingana na mahitaji yao. Klabu ya Royal Nairobi ni ya mwaka 1906. Dar es Salaam Gymkhana ilikaa karibu na bahari, upande wa mji ambako Wazungu walikaa. Kampala uwanja umelala bondeni Kitante, kati ya vilima vya Kololo na Nakasero, mahali ambapo kila anayekwenda mjini anauona na wachache mno wameukanyaga. Ubaguzi wa rangi uliisha kwenye vitabu vya sheria. Ua ulibaki, na sasa unachuja kwa mfuko na kwa majina ya wanaokufahamu.

Tazama Mombasa. Klabu ya gofu ya mji ule ilianzishwa mwaka 1911, ina mashimo tisa, na imekaa juu ya bahari kando ya Barabara ya Mama Ngina. Hatua chache kutoka kwenye nyasi zake, chini ya mibuyu, jioni za wikendi familia hujaa. Wanakula mihogo ya kukaanga iliyopakwa pilipili na ndimu, wanatafuna kachiri, wanakunywa madafu, wanatazama meli zikipita kuingia Kilindini. Serikali ya Kenya ilipakarabati mahali hapo na kupafungua upya mwaka 2019. Watu wale tayari wametoka nyumbani, wamevaa vizuri, wana hela ya kutumia kidogo, na watoto wao wanatafuta cha kuchezea. Wanaketi wakiwa wameupa mgongo uwanja wa gofu. Mfanyabiashara yeyote mwenye macho angeona wateja. Klabu nyingi zilizo katika hali kama hiyo zimezoea kuona msongamano wa magari.

Haki itendeke kwa waliokwisha kuanza. Nairobi kuna The GolfPark, ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako mtu anaweza kulipia siku yake akacheza bila uanachama, au akanunua mipira akajifunza kupiga, kisha akakaa mkahawani. Village Market, upande wa Gigiri, imekuwa kwa miaka na ukumbi wa bolingi na gofu ndogo ya watoto, na wazazi wameelewa mara moja kwamba mchezo na chakula vinakwenda pamoja. Dar es Salaam, klabu ya Lugalo, iliyojengwa na Jeshi la Wananchi, ina uwanja wa mashimo 18 ambao umewapokea raia na kuwalea vijana wengi wanaocheza mashindano ya taifa. Ajabu kidogo: kambi ya jeshi kuwa na geti jepesi kuliko klabu ya raia. Kigali nao walifungua mwaka 2021 uwanja mpya wa mashimo 18 uliosanifiwa na Gary Player, mzuri wa kutazama, na wenye nia kubwa zaidi ya kumvuta mtalii kuliko mkazi wa Nyamirambo.

Ng'ambo ya bahari, Topgolf Dubai ilifunguliwa Januari 2021 katika eneo la Emirates Golf Club, yenyewe klabu ya mwaka 1988. Kituo kile kina ghorofa tatu na vibaraza 96. Vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wanafanya kazi za hoteli na mikahawa katika jiji hilo, kwa hiyo biashara ya namna hii si ngeni kwa watu wetu. Ujuzi wa kuendesha meza yenye watu sita wenye kelele, wawili wakiwa hawali nyama na mmoja akitaka bili igawanywe, tunao. Tumeuazima nje.

Na wateja je? Hapa Afrika Mashariki tunafanya matembezi ya vikundi kuliko tunavyojisifia. Tanzania kila taasisi ina bonanza lake: mbio za magunia, kuvuta kamba, mpira wa miguu wa wanene na wembamba, kisha wali na nyama kwenye mahema. Michezo ya SHIMIWI, ya wizara na idara za serikali, ina riadha na netiboli, lakini pia ina bao, drafti na karata, kwa sababu waandaaji walijua zamani kwamba mhasibu wa miaka 55 naye anataka medali. Kenya ofisi hupanda mabasi kwenda Naivasha kucheza michezo ya kujenga timu. Wanawake wa chama na wa vikoba hukutana kila mwezi, wana mfuko wa pamoja, na mara mbili tatu kwa mwaka huutumia kutoka. Wapo wanafunzi waliomaliza chuo pamoja, wapo watu wa kwaya, wapo waliokuwa majirani Magomeni na sasa wametawanyika Kibaha na Mbezi. Kundi likishakubaliana siku, swali linalobaki ni lilelile: twende wapi penye cha kufanya zaidi ya kula na kunywa?

Jibu la kawaida ni nyama choma, na nyama choma haina ubaya. Ila inachukua saa nzima kuiva, na katika saa hiyo wanaume huangalia mpira kwenye televisheni, wanawake huzungumza upande wao, watoto huombwa simu. Baa zimejua hilo ndiyo maana zikaweka meza ya pool. Kwa pesa kidogo mezani watu wawili wanacheza, kumi wanatoa ushauri, na muuza mishkaki anauza. Kinachofanyika Dubai kwa vibaraza 96 kina mantiki ileile, tofauti ni kwamba pool inataka watu wawili na imebaki mchezo wa vijana wa kiume, ilhali kibaraza cha gofu kinachukua mama mkwe.

Mtu atasema gofu ni ghali, na atakuwa sahihi kuhusu ile ya klabu. Fimbo peke yake ni mshahara. Lakini tuseme, kwa mfano tu, kibaraza kinakodiwa kwa shilingi 3,000 za Kenya kwa saa. Watu sita wanachanga 500 kila mmoja, fimbo zikiwa za nyumba. Mji mkubwa una maelfu ya watu wanaotumia kiasi hicho usiku mmoja bila kukumbuka asubuhi kilikwendea nini. Bei hiyo haimfikii kila mtu, na hakuna haja ya kudanganya kwamba itamfikia. Itamfikia mwalimu mara moja kwa mwezi, fundi akipata kazi nzuri, na kikoba wakati wowote kikiamua.

Sasa kuna hatari ya kuigiza vibaya. Mwekezaji akisoma habari za Topgolf anaweza kukimbilia kujenga ghorofa tatu zenye skrini mia, akakopa, akafunga biashara mwaka wa tatu. Wamarekani wenyewe wamejifunza kwa machungu. Callaway, kampuni inayotengeneza fimbo, ilianza kuweka pesa Topgolf mwaka 2006, na Machi 2021 ikaungana nayo kwa makubaliano yaliyoipa Topgolf thamani ya takriban dola bilioni 2. Mwaka 2022 hata jina la kampuni mama likabadilishwa kuwa Topgolf Callaway Brands. Miaka miwili baadaye mambo yakapinda. Katika robo ya tatu ya 2024, mauzo ya vituo vilivyokuwapo mwaka uliotangulia yalishuka kwa asilimia 11, na Novemba 2025 ikatangazwa kwamba asilimia 60 ya Topgolf inauzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Leonard Green, kwa hesabu inayoipa biashara yote thamani ya takriban dola bilioni 1.1. Ni karibu nusu ya ile ya awali.

Sababu iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa kupungua kwa sherehe za makampuni na kwa wateja wa kawaida. Hilo linaeleweka. Jengo la aina ile hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, na linakula umeme na mishahara hata Jumatatu mchana likiwa tupu. Mgeni wa mara ya kwanza huja kushangaa. Wa mara ya tatu huja kwa sababu chakula ni kizuri, au kwa sababu amepata mahali pa kumshinda shemeji yake. Kituo kinachotegemea mshangao kinaishiwa wageni, na mshangao wa jengo haukawii kuisha.

Kwa hiyo kitu cha kuchukua kutoka kwao ni utaratibu, jengo waachiwe wao. Uwanja wa mashimo 18 huhitaji hekta 50 na zaidi, na kituo kizima cha Topgolf hukaa katika hekta tano au sita. Klabu iliyo na uwanja wa mazoezi tayari ina sehemu kubwa ya kinachohitajika, na saa za jioni sehemu hiyo kwa kawaida imelala. Vibaraza 12 vya mabati na mbao, taa za kutosha, shabaha zilizopakwa rangi na kuzungushiwa taa, fimbo za mitumba za ukubwa mbalimbali zikiwemo za watoto na za mkono wa kushoto, na kijana mwenye daftari la alama. Mtambo wa kuusoma mpira ungojee hadi pesa zipatikane. Watu wamecheza vishale na bao miaka yote bila skrini, wakahesabu kwa vidole na wakagombana vizuri tu.

Jiko linahitaji kufikiriwa zaidi kuliko uwanja. Mkahawa wa klabu nyingi bado unapika kwa kumbukumbu ya mkoloni: sandwichi ya pembe tatu, samaki na chipsi, supu ya krimu. Chakula cha kibaraza sharti kiliwe kwa mkono mmoja, kisipoe haraka, na kisichafue mpini wa fimbo. Mishkaki inafaa. Viazi karai vinafaa, na bajia za dengu. Chipsi mayai ikatwe vipande. Pilau ije kwenye bakuli dogo. Mwisho kaimati, na hakuna haja ya sindano, shira yake imeshaingia. Mombasa na Zanzibar kituo kiwe na saa au siku zisizo na pombe kabisa, na kiseme hivyo waziwazi kwenye bango, la sivyo nusu ya familia zinazoweza kulipa hazitashuka kwenye gari. Urojo, juisi ya miwa na tende vinaweza kuleta pesa sawasawa na bia pale ambapo mama ndiye anayeamua familia itakwenda wapi.

Pingamizi zipo, na mbili zina uzito. Ya kwanza ni majirani. Vituo vikubwa vya Marekani huinua nguzo za wavu za mita 50, na miji kadhaa imekuwa na mabishano makali kuhusu mwanga na kelele. Kituo kidogo chenye vibaraza vya chini hakihitaji nguzo ndefu kiasi hicho, lakini taa ni taa, na spika ni spika. Mtu aliyejenga kando ya uwanja kwa kupenda utulivu ana haki ya kuuliza muziki unazimwa saa ngapi. Saa nne usiku ni jibu la heshima, na liandikwe kwenye kibali.

Ya pili inatoka kwa wapenzi wa gofu wenyewe: kwamba watu wa kibaraza hawatajifunza kunyamaza, kurudisha udongo waliouchimbua, wala kuhesabu mapigo yao kwa uaminifu, na kwamba mchezo utashuka hadhi. Wana hoja kuhusu adabu. Gofu ni mmoja wa michezo michache ambapo mchezaji hujitolea adhabu mwenyewe bila refa, na hilo ni jambo zuri la kulinda. Lakini wanaolalamika ndio haohao wanaolalamika kwamba vijana hawaji na kwamba mashindano ya wanawake yana majina yaleyale. Tanzania ina wachezaji kama Madina Iddi, Hawa Wanyeche na Angel Eaton waliobeba bendera ya nchi kwenye mashindano ya nje. Msichana wa Tabata mwenye kipaji kama chao atajulikanaje kama hajawahi kushika fimbo? Kati ya watoto 100 watakaopiga mpira usiku wa Alhamisi huku wakilamba shira, wachache watauliza Jumamosi mafunzo yanaanza saa ngapi. Klabu haihitaji zaidi ya hao wachache, kwa kuwa kwa sasa haiwapati kabisa.

Na wapo makedi. Katika mipango mingi ya kufanya gofu iwe ya kisasa, wabeba mifuko hawa hawatajwi. Wao ndio wanaojua kila mteremko wa uwanja na kila kasoro ya mwanachama wanayemfuata, na wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianzia hapo, kwa kupiga mipira iliyookotwa vichakani wakati mabosi wamekwenda kula. Kibaraza hakina mfuko wa kubeba. Kituo kikijengwa kwa kuigiza tu, kedi hana kazi humo, na vijana wa kuvaa fulana za kampuni wataajiriwa kutoka kwingine.

Utaratibu mzuri ungeanza nao. Kila safu ya vibaraza vinne iwe na kedi mmoja kila jioni, kwa zamu, kazi yake ikiwa kumfundisha mgeni kwa dakika tano namna ya kushika fimbo, mahali pa kuweka miguu, na kwa nini jicho lisiuache mpira. Dakika hizo tano ndizo zitakazoamua kama mgeni atarudi, kuliko skrini yoyote. Alipwe kwa saa, kutokana na kodi ya kibaraza, asiachwe ategemee bakshishi ya mtu aliyefurahi. Na malipo hayo yaonekane kwenye risiti, kwenye mstari wake, ili kikundi kinapochanga kijue kwamba sehemu ya ile 500 imekwenda kwa kedi.